Swali Asiloulizwa Madamu Wadha

Zima hicho kiyoyozi, Levis, kinanguruma kuliko mimi, na leo nataka nisikike mimi. Joto tutalivumilia. Emily, njoo ukae hapa kitandani karibu na mto wangu, usisimame mlangoni na hiyo yunifomu kama mtu anayesubiri basi la kampuni. Zamu yako ni saa kumi na moja, na leo ni Ijumaa, siku ya ibada huku, sasa ndiyo kwanza watu wanatoka kanisani. Kaeni wote wawili, mniache niseme mpaka mwisho hata nikipotea njia katikati, maana nitapotea, najijua. Maneno haya nimeyapanga tangu Jumanne, na kila nikiyapanga yanapanguka.

Kwanza niseme linalotuketisha. Ini langu limechoka, daktari hakunificha, na tiketi ya kunirudisha Ugenya ni ya Alhamisi kama nitakuwa bado na pumzi ya kukaa kwenye kiti cha ndege. Na wewe Emily, keshokutwa Jumapili wakubwa wako wanataka jibu, kama utakubali kuwa msimamizi wa wodi, huyo mnayemwita inchaji, mwenye wauguzi thelathini na wawili chini yake, Wafilipino, Wahindi, Wasudani na Wakenya wenzako. Jana nilikusikia jikoni ukimwambia kaka yako kwamba utakataa, utaomba ruhusa ndefu uende na mimi nyumbani, unilishe na kunigeuza mpaka siku yangu itakapofika. Mlidhani nimelala. Mgonjwa halali, wanangu, anafumba macho tu. Nikamsikia na Levis akikujibu, "Hapo umefikiria poa, sista, mathe anahitaji msichana wake." Mkamaliza hapo, mkaosha vyombo, na mtu hakuja kuniuliza mimi mwenye kufa.

Sikukasirika. Nilipaswa kukasirika, lakini nilichanganyikiwa tu, kwa sababu maneno hayo nimewahi kuyaona yakitendeka katika nyumba nyingine, kwa watu wa lugha nyingine, na mimi nilikuwa na dalla, birika la kahawa, mkononi. Watu husema penye wazee haliharibiki neno. Mimi liliharibika neno mbele ya wazee arobaini, tena mkononi mwangu, na mpaka leo sijui kama ni mimi niliyeliharibu au liliharibika lenyewe. Ndiyo maana nawaita. Msitarajie hekima. Nawapa nilichokiona, mnisaidie kukibeba.

Mnakumbuka nilivyoondoka. Levis ulikuwa darasa la sita, Emily la tatu, baba yenu yuko chini ya mchanga mwaka mmoja tu, na baba yenu mdogo Onyango akasema, nenda, shemeji, watoto nitawatazama, na kweli aliwatazama, sina la kumlaumu. Nikaja huku Uarabuni, hapa Al Rayyan, kufanya kazi za ndani kwa Madamu Wadha, miaka ishirini na miwili sasa, na aliyenifundisha kazi si yeye, ni mama mkwe wake, Mama Hessa, bibi mfupi, mweusi wa macho, asiyejua kusoma hata jina lake, na mwenye sauti ya kusimamisha gari. Kila Jumatatu alasiri wanawake wa ukoo walikuja kuketi kwenye majlisi yake, sebule kubwa ya wageni yenye mito ukutani kote, na kazi yangu ikawa kahawa. Dalla, yaani birika lenye mdomo mrefu, mkono wa kushoto. Finjani mkono wa kulia. Kahawa ya hiliki mafunda mawili tu, maana ukijaza umemwambia mgeni anywe aende zake. Wiki ya kwanza nilimjazia jirani wa watu mpaka ukingoni, kwetu ndiyo ukarimu, na maskini yule mama akaanza kutafuta viatu vyake. Mama Hessa alicheka mpaka akakohoa, halafu akanifinya.

Lakini jambo kubwa zaidi alilonifundisha ni zamu. Unaanza na nani. Kwenye majlisi hakuna ubao wa kuandika vyeo, hakuna kiti kirefu kuliko vingine. Anayeongoza anajulikana kwa finjani ya kwanza, na mwenye kumimina hakosei. Anaanza na mkubwa, kisha anakwenda kulia kwa mkubwa, hata kama kushoto ameketi profesa. Nikamimina miaka minane bila kukosea, nikamwanzia Mama Hessa kila Jumatatu, nikayajua mambo ya ukoo ule kuliko baadhi ya wanawe.

Na jambo la pili, lishikeni, maana ndilo litakalokuja kutuumiza mbele. Mgeni akipokea finjani akaiweka chini bila kuinywa, ana ombi. Hasemi. Anaiweka tu. Na mwenye shughuli hawezi kumwacha aondoke na kahawa yake haijanywewa, ni aibu ya ukoo mzima, kwa hiyo humwambia, kunywa, ulitakalo umepewa, naye humwambia hivyo kabla hajajua ni lipi. Ombi hutajwa baadaye, wakati mlango wa kukataa umeshafungwa. Nilimwona mama mmoja akimpata mchumba wa mwanawe namna hiyo.

Nipe maji. Kidogo. Haya.

Sasa Madamu Wadha mwenyewe. Huyo mwanamke, Emily, alinichanganya tangu mwezi wa kwanza. Alikuwa amesoma mpaka akasomea Ulaya, ana digrii ukutani, na shuleni alikofundisha, shule ya wasichana, nilikuwa nikimpelekea chakula cha mchana na kuona wanaume wa ofisi wakisimama akiingia. Akiongea, wanaandika. Akinyamaza, wanatoka jasho. Halafu Jumatatu naona mwanamke yuleyule ameketi mwisho kabisa wa safu ya mito, magoti pamoja, akimwuliza Mama Hessa, "Wewe waonaje, mama, wazazi wanataka wasichana waanze kucheza mpira, mimi sijui la kufanya." Anajua! Nilikuwa nimemsikia asubuhi kwenye simu akiagiza mipira. Lakini anauliza, na kuuliza tena, na kulizungusha, mpaka bibi anasema kwa ukali, "Kwani mpira una nini? Wacheze, uwanja si una ukuta?" Na Madamu anainamisha kichwa kama mtu aliyepewa ruhusa. Kesho yake shuleni anasema, wakubwa wamekubali. Walimu wageni walidhani ni mwoga. Mimi nilidhani ni mjanja. Siku nyingine nilimwonea huruma. Na siku nyingine nilimwonea wivu, kwa sababu kila alilolitaka lilifanyika na hakuna aliyemchukia.

Msianze kutikisa vichwa mkisema Waarabu, Waarabu. Mumewe alimpenda na kujivunia, yeye ndiye aliyemlipia masomo na kumtetea kwa kaka zake. Na Mama Hessa, asiyejua kusoma, aliongoza watu wangapi kwa nyusi zake tu? Huyo utamwitaje? Na sisi je, kanisani kwetu Ugenya si wanawake ndio wanaoabudu, kufagia, kuchanga na kuzika, na mwenyekiti ni mzee fulani ambaye huja mara moja kwa mwezi akiwa amevaa kofia? Nyani haoni kundule, wanangu. Nilipofika hapa nilidhani nimekuja kuona vioja vya watu, nikajikuta natazama vyangu vimevaa abaya.

Sasa siku yenyewe. Miaka kumi na minne imepita. Madamu alichaguliwa mudira, mkuu wa shule nzima, wasichana elfu moja na zaidi, wa kwanza katika ukoo wao, na Mama Hessa akaandaa sherehe kwa mkono wake mwenyewe. Wanawake zaidi ya arobaini, ubani, tende, dhahabu mpaka macho yanauma. Na mimi, mjinga wa Mungu, nilikuwa nimefurahi kama aliyechaguliwa ni dada yangu. Kwetu mtu akisherehekewa si ndiye anayepewa wa kwanza? Siku ya harusi utaanza na bibi harusi au na jirani? Hivyo ndivyo nilivyofikiri, kama ni kufikiri. Nikatoka jikoni na dalla, nikampita Mama Hessa, nikaenda mpaka mwisho wa safu ya mito, nikainama, nikamimina finjani ya kwanza, nikampa Madamu Wadha.

Wanawake wote wakageuka, tende zimekwama mikononi. Madamu hakuipokea mara moja. Alinitazama, macho yamemtoka, kisha akaipokea, kwa sababu kuikataa kungekuwa kunivua nguo mbele za watu, na huo ulikuwa wema, nilielewa hapohapo kwamba ulikuwa wema. Nikarudi kwa Mama Hessa, nikammiminia ya pili. Akaipokea. Akaitazama. Akaiweka chini.

Mimi nilitaka zulia linimeze. Madamu akasimama, akavuka sebule yote, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Kunywa kahawa yako, mama. Ulitakalo umepewa." Bibi akanywa. Kisha akamshika sikio akamnong'oneza, maneno machache tu, na Madamu akaitikia kwa kichwa, na wanawake wakaanza kuzungumza wote kwa pamoja kama redio iliyofunguliwa.

Haukuisha mwezi, Madamu akauacha uongozi. Sababu za kifamilia, ndivyo walivyoandika. Akaondoka na mama mkwe wake kwenda Ujerumani, mapumziko, walisema, miezi mitano, na mimi nikabaki na watoto. Kiti akapewa Nura, mpwa wa Mama Hessa, msichana mzuri, mwenye kucheka ovyo. Nikajumlisha mawili na mawili kama ambavyo nyumba nzima ilijumlisha: bibi alifedheheshwa na finjani ya pili, akakiomba kiti, akakipata. Na aliyemfedhehesha ni mimi. Nilisubiri kufukuzwa. Kila gari likiingia uani nasema, ni wakala aliyenileta huyo, amekuja kunirudisha. Sikufukuzwa. Madamu alirudi amekonda, akaniletea kitambaa cha kichwa, akaniuliza watoto walikula nini. Neno la kahawa hakuligusa, siku hiyo wala mwaka huo wala uliofuata.

Halafu tazameni mambo. Nura akawa anakuja nyumbani kila alasiri na mafaili yake. Miaka mitatu! Anakaa, anafungua, na Madamu, anayekata vitunguu au anayemsuka binti yake, anamwambia, hili kubali, hili kataa, huyu mwalimu mwite umwonye, huyu mama yake ni mgonjwa mwache. Jina la Nura mlangoni, akili ya Wadha mezani. Shule ikasifiwa kwenye magazeti. Picha ya Nura. Nikammiminia Nura kahawa, nikammiminia Madamu, na sikujua tena nianze na nani. Nikawa naweka dalla mezani naenda zangu. Sasa niambieni, huyo Madamu alikuwa ameondolewa uongozini, au alikuwa ameongezewa? Alikuwa mshindi au aliibiwa? Mimi sijui. Nimelala kwenye kitanda hiki wiki tatu nalitafuna hilo, na sijui.

Na Mama Hessa akazidi kunichanganya. Mwaka alipokuwa anaondoka duniani ni mimi niliyekuwa namwogesha. Siku moja namfuta mgongo, akasema bila kugeuka, "Millicent, siku ile ulimimina vizuri." Nikasimama na kitambaa mkononi. Siku ipi, bibi? Akaanza kukohoa, wanawe wakaingia, na hakulirudia. Alikuwa ananisifu? Alikuwa ananidhihaki? Au alikuwa anazungumzia siku nyingine kabisa, ya watu wengine, maana alikuwa na dawa nyingi kichwani? Akazikwa nalo.

Ndipo Jumanne hii Madamu akaja hapa kwetu Muaither, mkaona wenyewe sahani ya tende aliyoacha. Alipanda ngazi za ghorofa zote tatu kwa miguu yake na nywele zake zimekuwa nyeupe chini ya shela. Akaketi hapo ulipokaa, Levis. Nikasema, potelea mbali, mficha maradhi kifo humuumbua, sitakwenda nalo mchangani. Nikamwomba msamaha. Nikamwambia, Madamu, mimi ndiye niliyekunyang'anya kiti chako, nilikupa wewe finjani ya kwanza.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu asichokiuza. "Kahawa gani, Milli?" Nikamweleza. Akafikiri, akafikiri, akasema, "Wallahi sikumbuki nani alianza." Miaka kumi na minne, wanangu! Nimeubeba mzigo huo kila Jumatatu, nimeuombea kanisani, nimeuficha nyinyi msiujue, na mwenye mzigo hakumbuki kama upo. Nilitaka kucheka, nikataka kulia, vikaja vyote viwili.

Kisha akaniambia alichonong'onezwa. Bibi alikuwa ameona uvimbe kwenye titi. Hakutaka wanawe wajue ni ugonjwa gani, wala mabinti zake, kwa kuwa wangempigia kelele. Alimtaka Wadha, yeye peke yake, ampeleke mbali akatibiwe, amlinde, amtunzie siri. Ndilo ombi. Si kiti. Hakuna aliyekiomba kiti. Kiti kilianguka chenyewe, kama sahani mtu anapopokea mtoto kwa mikono miwili. Na alikuwa ameshasema umepewa.

Basi ni nani aliyemwondoa? Bibi aliyeomba kutunzwa, ana kosa gani? Angemwomba nani, mwanawe wa kiume? Yeye Wadha aliyekubali, angekataaje na amepiga magoti mbele ya ukoo? Ni mimi? Kama ningeanza na bibi siku ile, angeinywa finjani yake kwa amani, akaomba kesho yake faraghani, na faraghani mtu anaweza kusema, mama, ngoja kwanza, tumpeleke fulani akusindikize. Au angeomba vilevile. Siwezi kujua. Nazunguka hapo kama punda wa kisima.

Nikamwuliza jambo moja tu la mwisho. Nikasema, na kiti kile, Madamu, wewe mwenyewe ulikitaka? Akashika kunyoosha shuka langu. Muadhini wa alasiri akaanza, akamaliza, yeye bado ananyoosha. Halafu akasema, taratibu sana, "Milli, hakuna aliyewahi kuniuliza." Akajifunika shela, akanibusu paji la uso, akashuka ngazi. Wala hakunijibu, mnaona? Sijui kama alishindwa au alikataa.

Ngoja nipumue.

Mgeuze mto, Emily. Hapo. Asante.

Sasa nawageukia nyinyi. Emily, tangu jana jikoni mpaka asubuhi hii nilikuwa nimeshaamua nitakuamuru ukubali hiyo kazi. Nilikuwa na hotuba nzima. Halafu nikatambua kwamba na mimi nilikuwa nataka kukuketisha kitini vilevile kaka yako alivyokubali ukikose, pasipo kukuuliza. Nilikulea hivyo. Kuku akichinjwa nyumbani, wewe ndiye uliyemnyonyoa, na firigisi nikampa Levis, kila Krismasi, na siku uliyoniuliza kwa nini, ulikuwa na miaka minane, nilikwambia ndivyo ilivyo. Ndivyo ilivyo! Hilo ndilo jibu nililompa mtoto. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na ukakua hivyo, msichana wa kukataa kiti kabla hajaulizwa ili asimsumbue mtu.

Basi nakuuliza leo, mbele ya kaka yako. Unaitaka hiyo kazi? Usinitazame mimi. Usimtazame Levis. Usiniambie wauguzi wa Kifilipino watasemaje, wala daktari yule wa Kimisri asiyependa kuagizwa na mwanamke mweusi, wala watu wa Ugenya. Unaitaka?

Usitikise kichwa. Sema kwa mdomo.

Rudia.

Umemsikia, Levis? Amesema anaitaka. Amesema anaitaka tangu mwaka juzi. Mungu wangu, tangu mwaka juzi, na tunakaa nyumba moja. Lia, mwanangu, lia, si vibaya, futa tu hiyo yunifomu isiloe.

Basi limekwisha hilo. Jumapili utawaambia ndiyo. Usiwaambie utafikiria, usiwaambie kama mnaona ninafaa. Mimi sijui ni njia ipi iliyo bora ya kuongoza, ya kupiga meza au ya Madamu Wadha ya kuzungusha neno mpaka lirudi kwa mdomo wa mwingine. Labda utaihitaji ya pili mara nyingi, hapa ni kwa watu na wana njia zao, na Madamu kwa njia hiyo aliwapa wasichana elfu moja uwanja wa mpira. Usiidharau. Ila usiache watu wakuzoee nyuma ya mlango mpaka wewe mwenyewe usahau kama uliwahi kutaka kuketi mbele.

Levis. Mzaliwa wangu wa kwanza. Usiangalie simu. Wewe ndiye utakayekwenda na mimi Alhamisi. Wewe ndiye utakayeomba ruhusa kwa bosi wako wa ulinzi, na ikibidi uache kazi, utaacha. Najua utakalosema, limeshafika kwenye meno: "Mathe, hiyo ni kazi ya wasichana." Na najua mila yetu, mwana mkubwa haingii chumbani kwa mama yake, sembuse kumgeuza na kumsafisha. Naijua, nimeitii maisha yangu yote, na sijui kama Mungu atanigombeza kwa kuivunja wakati wa kuaga. Tundika shuka kati yetu kama macho yanaona haya, lakini mkono uwe wako. Nilikuosha wewe ukiwa huna jina bado. Si adhabu, mwanangu, usininunie. Hukukosa lolote. Tulikupa firigisi ukala, mtoto atakataaje nyama? Lakini umekula miaka thelathini na minne, na leo nakuomba kwa mara ya kwanza kitu kizito, na nakuomba waziwazi, sikuwekei finjani chini. Unaweza kukataa. Ukikataa nitakwenda peke yangu na nesi wa ndege, na sitakulaani.

Nyumba niliyojenga Ugenya, ile ya mabati ya kijani, ni yenu wawili kwa kiwango sawa, na karatasi zimeandikwa majina mawili. Mzee Onyango atabisha, atasema binti huolewa, mwacheni abishe, ni mtu mwema na kubisha ni afya yake. Msiiuze mkigombana. Msigombane. Dhahabu yangu ni hii pete tu, alinipa Mama Hessa, sijui kwa nini, mpe Emily. Nikifa kabla ya Alhamisi msinililie kwenye mtandao wa jamaa kabla hamjawaambia wazee kwa sauti zenu. Mnizike karibu na baba yenu, upande wa kushoto, wimbo uwe mmoja, na mtu asisome risala ndefu, tayari mimi nimewachosha. Mwambieni Madamu Wadha. Mwambieni sikumwelewa, na kwamba nilimpenda.

Mkono wangu umekufa ganzi huu. Upi huu? Haya, ushikeni.

Mungu aliyenivusha awavushe. Awape kinywa cha kuuliza na kifua cha kusikia jibu. Emily, kichwa chako kisiiname ila kwa kuomba. Levis, mikono yako... mikono yako iwe...

Ngoja. Bado. Levis, mpigie baba yako mdogo sasa, nikisikia, weka sauti ya nje. Kama unakataa, usipige. Kama unakubali, mwambie ni wewe unayekuja. Mimi nafumba macho, sikutazami.

Inaita.

Onyango huyo, nasikia kikohozi chake. Sema polepole, mtandao wa kwetu mnaujua. Anasema karibuni. Anasema amefagia. Anauliza Emily amepata likizo ya muda gani. Mwambie.

Anauliza, sasa nani atamtunza mamako?

Haya. Haya, mwanangu. Umesema ni wewe, nimesikia, usirudie, amesikia na yeye, ndiyo maana anakohoa hivyo. Mwache akohoe.

Saa ngapi sasa? Washeni hicho kiyoyozi. Nimechoka, maneno yamekwisha, yaliyobaki ni usingizi tu. Emily, zamu yako... nenda kazini, mama. Nenda. Levis yuko hapa.